Bajeti ya Harusi Tanga: Hesabu Kuanzia Barua ya Posa Hadi Kurudisha Masufuria

Kila msimu maswali ni yale yale. Ukumbi wa watu mia tatu unakwenda kiasi gani? Milioni kumi zinatosha? Mpishi wa pilau anadai kwa kilo au kwa siku? Hakuna anayeweza kukujibu sawasawa mpaka umwambie wageni wangapi, siku gani, na nani ameahidi kubeba kipi. Ndiyo maana wawili wanaofanya harusi mtaa mmoja, mmoja anamaliza kwa milioni sita na mwingine anabaki na deni la milioni nne, na wote wamelisha pilau.

Mwongozo huu ni wa anayefanya harusi Tanga mjini: akdi au kanisa, walima (karamu ya harusi) nyumbani, kisha pengine ukumbi usiku. Bei zilizomo ni za mfano tu, uone hesabu inavyokwenda. Zifute, uandike ulizopewa wewe. Vipimo vya chakula ni vya kweli, vitumie kama vilivyo.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari moja la kurasa kubwa, lenye mstari wa kila malipo: tarehe, nani kalipwa, kiasi, kilichobaki, nani kashuhudia.
- Orodha ya wageni kwa majina. "Ukoo wa Pangani" na "watu wa kazini" hayahesabiki kama majina.
- Watu watatu: mweka hazina, mnunuzi, na msimamizi wa siku yenyewe. Mweka hazina asiwe mnunuzi, hata kama ni mtu na dada yake na wanaaminiana vipi.
- Akaunti au laini ya simu ya harusi peke yake. Michango ikichanganyika na pesa ya matumizi ya nyumbani, baada ya wiki mbili hakuna atakayejua ya nani ni ipi.
- Kauli ya wazee wa pande zote mbili kuhusu nani analipia nini. Ipatikane mapema, mbele ya mashahidi.

1. Ziandike shughuli zote, kila moja na bajeti yake

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuita kila kitu "harusi". Kwetu harusi moja ina shughuli nne hadi saba, na kila moja ina sufuria yake. Andika mafungu haya, ukate yasiyokuhusu:

- Posa na mahari: pesa ya barua, mahari yenyewe, kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ada nyingine ambazo ukoo wa bibi harusi utazitaja.
- Sanduku la bibi harusi.
- Singo (kumsugua bibi harusi), hina na piko, posho ya somo anayemfunda, vikuba vya asumini.
- Kicheni pati, sendofu au kesha, kutegemea nyumba.
- Akdi au ibada: kahawa, tende, halua (kilo 1 kwa watu 15 hadi 20), ada ya mfungishaji na hati ya ndoa.
- Walima.
- Ukumbi.

Mahari na ada za wazee zisitoke kwenye mfuko wa michango. Zikitoka humo, siku ya kumlipa mpishi ndipo utakapogundua kwamba mfuko ulitumika mwezi mmoja uliopita. Kisheria pia jua kwamba, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kutokulipwa mahari hakuifanyi ndoa kuwa batili. Kwa hiyo mkikubaliana sehemu ilipwe baadaye, andikeni, msikope.

Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Usilipe ukumbi wa wiki mbili zijazo kabla hujapita kwa imamu, padri, mchungaji au msajili.

2. Panga tarehe kwa kuangalia bei

Bei za Tanga hupanda kwa misimu inayojulikana. Shaabani kila mtu anakimbilia kabla ya Ramadhani. Mfungo Mosi wanafuata waliochelewa. Desemba wanarudi waliopo Dar na Arusha. Miezi hiyo mpambaji mzuri anaweza kuwa na shughuli tatu kwa siku moja, na kwenye ya kwako ndiko atakakomtuma msaidizi.

Machi hadi Mei ni masika. Ukumbi utaupata kwa urahisi, lakini walima wa uani unahitaji maturubai yanayozuia maji kweli, na sehemu ya kupikia iliyoezekwa. Ongeza gharama hiyo kabla ya kufurahia punguzo la ukumbi.

Jumamosi ndiyo ghali. Uliza bei ya Ijumaa usiku, Jumapili, hata Alhamisi, na uulize kwa maneno haya: "Siku ipi ya wiki hiyo hamna mtu?" Mwenye ukumbi anajua siku inayomlaza njaa.

3. Hesabu pesa iliyopo, kisha ahadi

Ahadi si pesa. Mtu anaandika laki moja kwenye kikao akiwa na nia njema kabisa, halafu ada za shule zinamkuta. Kanuni salama: chukua taslimu yote iliyomo, ongeza asilimia 60 ya ahadi, basi. Ahadi zikiingia zote, utakuwa na ziada. Hakuna aliyewahi kulia kwa ziada.

Mfano:
- Taslimu ya familia: 4,000,000
- Ahadi: 9,000,000, unahesabu 5,400,000
- Jumla ya kupangia: 9,400,000
- Toa asilimia 10 ya dharura: 940,000
- Ya kutumia: 8,460,000

Pesa ya dharura isipangiwe kitu. Wajumbe wataitazama, watasema mapambo yaongezwe. Mweka hazina akatae.

Michango ikipitia kwenye simu, kumbuka ada ya kutoa. Kutoa kidogo kidogo mara thelathini kunakula pesa nyingi kuliko kutoa kwa mafungu makubwa, au kumlipa mtoa huduma moja kwa moja kwenye namba yake.

4. Tafuta bei ya kichwa kimoja

Hii ndiyo hesabu inayookoa harusi, na ndiyo inayorukwa. Gharama zote zina aina mbili. Zipo zinazoongezeka kila mgeni anapoongezeka: chakula, kinywaji, kiti na kava lake, kadi. Zipo zisizobadilika hata wakija kumi: ukumbi, mshereheshaji, muziki, picha, gari, jukwaa la maharusi.

Tuseme umekusanya bei hizi kwa mgeni mmoja: chakula 12,000, vinywaji 5,000, kiti na kava 1,500, kadi 500. Jumla 19,000.

Wageni 250 mara 19,000 ni 4,750,000. Kwenye ile 8,460,000 umebaki na 3,710,000 ya mambo mengine yote.

Wageni wakiwa 300, vichwa vinakula 5,700,000. Umebaki na 2,760,000. Hao hamsini walioongezeka wameondoka na 950,000, ambayo pengine ndiyo ilikuwa pesa ya picha na mshereheshaji. Ndiyo maana anayetaka kupunguza gharama anaanza na orodha ya majina, kabla hajambana mpambaji kwenye elfu hamsini.

5. Kadi: mtu mmoja au dabo

Kwa bei ya kichwa ya 19,000, dabo, yaani kadi ya watu wawili, inakugharimu 38,000. Aliyechanga 50,000 na kupewa dabo amesaidia harusi kwa 12,000. Aliyechanga 30,000 na kupewa dabo, wewe ndiye umemchangia 8,000. Fanya hesabu hii kwa bei zako ndipo kamati iweke kiwango cha kadi. Wazee, masheikh, majirani waliosaidia kazi na ndugu wasio na uwezo wapewe kadi bila kuulizwa mchango; hao ni wageni wa heshima, na idadi yao iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Andika namba kwenye kila kadi na uweke orodha mlangoni. Kadi za kwenye simu ni nafuu, lakini picha moja ya kadi inatumwa kwa watu watano. Kama hazina msimbo unaosomwa mlangoni mara moja tu, changanya: za simu kwa taarifa, za karatasi kwa kuingilia.

6. Chakula cha walima

Vipimo kwa watu wazima 100, pilau ya ng'ombe:

- Mchele kilo 15 (kilo moja watu sita hadi saba)
- Nyama yenye mfupa kilo 17
- Viazi mviringo kilo 8
- Vitunguu maji kilo 5 vya pilau, kilo 4 vya kachumbari
- Nyanya kilo 8
- Mafuta lita 3
- Vitunguu saumu na tangawizi, nusu kilo kila kimoja
- Bizari nzima gramu 250. Iliki, mdalasini na pilipili manga gramu 75 kila kimoja. Karafuu gramu 40
- Ndimu 40, ndizi mbivu 110, chumvi kilo 1

Watoto wawili wahesabu mtu mzima mmoja. Ukiwalisha kwenye sinia, kila sinia watu watano: wageni 200 ni sinia 40, ongeza 4 za wachelewaji na 3 za wapishi na wafanyakazi. Wapishi husahaulika kila mara, halafu wanajitengea wenyewe, na hujui wametoa kiasi gani.

Viungo tafuta vilivyoletwa kutoka Amani na Muheza, ununue vizima, vitwangwe nyumbani. Vilivyosagwa tayari huchanganywa, na utalazimika kutia mara mbili. Mboga za Lushoto nunua siku moja kabla, asubuhi, zikiwa zimeshushwa.

Mchele ujaribu. Chukua robo kilo kutoka kila gunia, upike. Mchele mpya unashika maji vibaya na pilau inakuwa bokoboko. Ukikuta magunia mawili yanaiva tofauti, yasichanganywe kwenye sufuria moja. Na usikubali kilo 30 zipikwe kwenye sufuria moja kwa kuokoa kuni: uzito wa juu unaponda wali wa chini kabla wa juu haujaiva. Sufuria mbili za kilo 15 zinatoka sawasawa.

Ukinunua mnyama mzima, hesabu nusu. Ng'ombe hai wa kilo 250 atatoa takriban kilo 125 za nyama na mifupa. Mbuzi wa kilo 25 atatoa kilo 12 hivi. Kwa wageni 200 unaohitaji kuwapikia kilo 34, ng'ombe mzima ni hasara isipokuwa mnagawana na shughuli nyingine. Ukichinja nyumbani, mwite afisa mifugo wa kata akague kabla nyama haijakatwa.

Mpishi muulize kabla: anadai kwa kilo ya mchele, kwa sufuria, au kwa shughuli nzima? Kuni ni za nani? Wakata vitunguu na waosha vyombo analeta yeye? Masufuria, mipawa na masinia anakodi nani, na kikipotea analipa nani? Mpishi wa "bei ndogo" asiye na hata kisu mara nyingi anaishia juu ya yule aliyeonekana ghali.

Kachumbari ikatwe wageni wakiwa wanaketi. Chumvi ikitiwa mapema inatoa maji, na unapakua supu ya nyanya. Pilau iliyoiva alfajiri isingoje hadi alasiri. Wali uliokaa vuguvugu zaidi ya muda wa saa nne unaweza kuumiza watu matumbo. Walima wa baada ya adhuhuri, moto uwashwe saa 2 asubuhi, pilau iteremke saa 6.

7. Vinywaji

Kreti ya soda ina chupa 24. Wageni 250, soda mbili mbili, ni chupa 500, yaani kreti 21. Mkubaliane na wakala mambo mawili kwa maandishi: kreti zisizofunguliwa zinarudi, na chupa tupu zinahesabiwa mbele ya mtu wako, wakati wa kuleta na wakati wa kuchukua. Juisi ya ukwaju au ya machungwa ya Muheza inapunguza kreti karibu nusu, ila inataka barafu, maji yaliyochemshwa, na ndoo zenye mifuniko. Maji kila mgeni nusu lita. Joto la Tanga mnalijua.

8. Ukumbi, au uwanja wa nyumbani

Bei ya ukumbi bila maswali haya haina maana. Uliza: viti na meza zimo? Jenereta na mafuta yake? Muziki unazimwa saa ngapi, na saa ya ziada ni kiasi gani? Naruhusiwa kuleta mpishi wangu na vinywaji vyangu, au kuna malipo? Usafi na ulinzi? Amana ya uharibifu inarudi lini? Mpambaji anaingia saa ngapi? Na bei hii ina VAT au haina? Asilimia 18 juu ya bili ya milioni 4 ni 720,000, na ukiishtukia siku ya mwisho imeshamaliza pesa yako ya dharura.

Uwanja wa nyumbani ni nafuu, lakini si bure. Weka maturubai, viti, taa, jenereta, vyoo vya kutosha, na kibali. Mkifunga barabara, kama wanavyofanya watu wa Ngamiani, anzia serikali ya mtaa wiki mbili kabla, na uwaambie majirani kabla hawajasikia spika.

9. Wengine wanaolipwa

Mpambaji: mpe picha na vipimo, mwandikie idadi. "Mapambo ya ukumbi mzima" kwake yaweza kuwa jukwaa na njia ya kupita. Kwako ni kila meza. Maua mabichi au ya plastiki, sema.

Mpiga picha: saa ngapi, watu wangapi, picha ngapi zilizosafishwa, albamu kurasa ngapi, video dakika ngapi, inatoka lini. Ukimleta wa Dar, ni kilomita kama 350. Nauli, chakula na mahali pa kulala ni juu yako.

Muziki: mji huu uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star haukubali harusi isiyo na taarabu, kwa hiyo ukiita kikundi, mkataba utaje idadi ya watu wao, usafiri, chakula chao, na spika za nani. Pesa za kutunza ni za wasanii. Usizihesabu kama sehemu ya malipo.

Mshereheshaji apewe ratiba na majina ya wazee siku tatu kabla. Gari lina dereva, mafuta na maua yake. Keki ilipiwe kwa kilo, na mwokaji ailete mwenyewe. Keki ya ngazi tatu kwenye bajaji haifiki.

10. Mkataba na malipo

Karatasi moja inatosha: jina, simu, kazi, idadi, saa ya kufika, bei yote, kilicholipwa, kilichobaki, na kitakachofanyika mmoja akivunja. Wote mtie sahihi.

Lipa asilimia 30 ya kushika tarehe, 40 wiki moja kabla, 30 kazi ikiisha. Mpiga picha ile ya mwisho mpe ukishika albamu. Mpishi na mchinjaji ni tofauti: wao wananunua au wanafanya kazi usiku kucha, walipwe wote asubuhi ya siku ileile. Anayetaka asilimia 100 miezi miwili kabla, mtafute mwingine.

Malipo ya siku yenyewe yatiwe kwenye bahasha usiku wa kuamkia, kila moja na jina, ashike mweka hazina. Bwana harusi asifuatwe na mtu yeyote kudaiwa.

Mambo yakienda kombo

*Wiki mbili zimebaki, michango haijafika nusu.* Simamisha kila ambacho hakijalipiwa advansi. Punguza kwa mpangilio huu: keki kubwa, maua mabichi, gari la pili, video, kisha ukumbi uwe walima mpana wa nyumbani. Chakula kiguswe mwisho.

*Mtoa huduma amejitoa.* Kwa kila kazi kuwa na namba ya wa pili aliyekupa bei. Advansi idai kwa karatasi mliyotia sahihi; bila karatasi, pesa hiyo ihesabu imekwenda.

*Wageni wamezidi na sufuria inaonekana chini.* Msimamizi wa pakuo aanze kupunguza sinia ya ishirini, asingoje ya thelathini na tano. Pika wali mweupe kilo 5 za akiba ukiona viti vimejaa nusu saa kabla ya muda; mchuzi wa nyama uliobaki unaongezwa viazi. Ndiyo sababu ya kuacha moto mmoja ukiwaka.

*Umeme umekatika.* Jenereta ijaribiwe siku moja kabla ikiwa imebeba spika na taa zote pamoja. Ikiwashwa tupu haikuonyeshi kitu.

*Pilau imeshika chini.* Usikoroge. Hamisha ya juu kwenye sufuria safi, funika na kitambaa kibichi, acha ukoko ulipo. Ukikoroga, harufu ya moshi inaingia kilo zote 15.

*Daftari na pesa havilingani.* Hesabu ifanyike kabla ya siku ya tatu baada ya harusi, watu wakiwa bado wanakumbuka, masufuria, masinia na kreti vikiwa vimerudishwa na risiti za amana zikiwa mkononi. Amana ya ukumbi na chupa zilizorudi ziingizwe kwenye daftari kama pesa iliyoingia, kisha kamati isomewe ukurasa kwa ukurasa.